Dude la Laki Nne

Niliziandika bei nyuma ya daftari la viazi,
ukurasa ambao mama hafunui.
Mazabodi na prosesa yake: laki na themanini.
Zimetoka ofisi iliyofungwa pale Mafiati,
bado zina stika ya mali, namba 0047,
kama ng'ombe mwenye chapa asiye na mwenyewe.
Ramu vipande viwili: elfu hamsini,
kimoja kijani, kimoja bluu,
mapacha wa baba tofauti.
Kadi ya picha ilivuka Tunduma ndani ya furushi la vitenge.
Aliyeniuzia pale Mwanjelwa aliapa kwa Mungu na kwa mama yake
kwamba haijawahi kuungua.
Sikumwamini.
Nikahesabu laki na ishirini, noti za viazi,
bado zina udongo.

Pawa saplai ikamaliza zilizobaki.
Kesi sikununua.
Kasha la nyanya za Ilula, mbao zake zina nafasi nafasi,
nikalisugua kwa msasa mpaka likaacha kunuka shamba.
Lusajo akacheka: hilo ni banda la kuku.
Nikamwambia, kuku huyu atataga.

Juni, Uyole. Loleza umejifunika mpaka kidevuni.
Nimesikia walioko Dar wananunua feni tatu, nne,
na bado dude linachemka kama supu.
Mimi nilifungua dirisha.
Baridi ikaingia yenyewe, haikuomba Luku.

Ila sweta ilibidi nivue,
maana sufu huzaa cheche, na cheche moja inatosha kuua.
Nikashika nondo za dirisha kwanza,
meno yanagongana,
kisha nikadondosha juu ya prosesa tone la dawa ya joto
lenye ukubwa wa punje ya mchele wa Kyela.
Nikafunga. Nikakaza skrubu kwa bisibisi ya kufungulia simu.
Nikawasha.

Feni zikazunguka.
Skrini, nyeusi.

Usiku wa kwanza nikachomoa ramu, nikazipuliza, nikazirudisha.
Usiku wa pili nikamtukana yule mtu wa Mwanjelwa
pamoja na mama yake aliyemwapia.
Usiku wa tatu nikakaa tu
nikihesabu gunia ngapi za viazi zimelala ndani ya kasha la nyanya.

Baba alikuwa kitandani na mgongo wake,
mgongo uliobaki Kapiri Mposhi miaka sita iliyopita
pamoja na lori la watu.
Hajui ramu, hajui kadi.
Akasema, kwa hasira ya mtu aliyenyimwa usingizi:
"Tumpe, gari likigoma usivamie injini.
Umegusa nini mwisho?"

Mwisho nimegusa waya wa skrini.
Nikainama na tochi ya simu.
Nilikuwa nimeuchomeka kwenye mazabodi,
na kadi ya laki na ishirini imekaa pembeni
kama mgeni ambaye hakuna aliyemkaribisha.

Nikauhamisha.
Mwanga wa bluu ukapanda ukutani,
ukaligusa koti la baba lililotundikwa msumarini.

Gemu la kwanza halikuwa la kwangu.
Tuliweka lile la malori, nikasogeza mto nyuma ya mgongo wake,
nikamwonyesha mshale wa mbele, mshale wa nyuma.
Akaendesha barabara za Ulaya akiwa amenuna.
Mbona lililoharibika halijawekewa matawi barabarani?
Mbona mizani haina muuza mahindi?
Nchi gani hii, haina hata mbuzi?

Kisha ukaja mlima, na akanyamaza.
"Teremka na gia uliyopandia," akaiambia skrini,
si mimi,
na vidole vyake vikapunguza mwendo
kama anapita Kitonga na tani thelathini za shaba.

Mlangoni mama alikuwa amesimama na daftari la viazi,
limefunuliwa nyuma.
Hakusema kitu. Alikuwa anaangalia chini ya meza.

Nami nikaangalia:
mguu wa kulia wa baba, peku,
kwenye sakafu ya saruji baridi,
unakanyaga breki.