Shingo Upande

Otiato alikuja Jumanne, karakana yangu ya Kariobangi,
mkono wa kushoto mfukoni kama mtu anayeficha deni.
"Wamekwambia?" Nikamjibu, "Nionyeshe."
Kidole cha pete kinaishia kwenye pingili ya kwanza.
Kilichobaki alikiacha kiwandani, kwenye mashine ya kukunja mabati,
na fidia ikaishia kwa wakili.

Sikumpima kwa rula.
Nilikata kipande cha sabuni ya kufulia, ile ya bluu,
niliyoiloweka tangu alfajiri. Nikampa.
"Kishike kama shingo ya gitaa, pale pale unapokwama."
Akafumba macho, akabana.
Yakabaki mabonde matatu na kibonde,
na upande wa pili shimo refu,
pale gumba lilipojifunza kazi ya marehemu.

Mti ni mkangazi.
Ulikuwa kaunta ya duka la vitambaa kule Ngara;
viwiko vya wateja viliulainisha miaka arobaini
kabla ya randa yangu.
Nyawira wa mbao kuukuu aliniuzia elfu tatu na mia mbili,
akaniongezea msumari wa bure, ndani kabisa.
Randa iliuona kabla yangu.

Shingo haitaki pupa.
Ukila milimita leo, kesho hakuna wa kuitapika.
Nilichimba mfereji katikati, nikalaza chuma humo:
nyuzi zivute mbele, chuma kivute nyuma,
kama baba na mama, ambao ugomvi wao
ndio uliosimamisha nyumba.
Nikafunika kwa ubao wa mpingo, nikakaza kwa jiriwa saba,
mbili za kuazima kwa Musembi, fundi wa milango,
naye akasimama hapo akicheka:
"Mama Apiyo, shingo yako imekaa upande!"

Ndiyo.
Upande wa nyuzi nene nimeula, gumba lipite juu.
Upande wa nyembamba nimeuacha na nyama, kiganja kipumzike.
Wengine hufanya mambo shingo upande kwa kutotaka.
Mimi hii nimeitaka.

Saa mbili usiku stima zikapotea mtaa mzima.
Sikuwasha mshumaa; maranda yalinifika vifundoni.
Sabuni mkono huu, mti mkono huu,
tupa, halafu msasa, halafu kidole tu,
hadi mikono ikashindwa kuniambia
ipi ni ipi, isipokuwa kwa harufu.

Ijumaa akaja. Nikampa shingo peke yake,
bila tumbo, bila uzi hata mmoja.
Akaishika. Gumba likapanda, likavuka ukingo, likatua.
Hakusema kitu. Matatu na nusu yakatembea
kwenye mpingo mkavu, yakienda, yakirudi,
na mimi nikajifanya natafuta penseli.

Baadaye akauliza ile sabuni iko wapi.
Nikamwonyesha uani:
sare za Apiyo kwenye kamba,
nyeupe, zikidondosha maji.