Uzito wa Karatasi

Saa moja asubuhi napanda ngazi ya zahanati,
Vingunguti, ule upande wa machinjio,
mkononi karatasi ya duara, nyeupe,
upana wa kitako cha kikombe cha kahawa.
Nimeipima jana: nukta, kisha tarakimu sita.
Naifungia ndani ya mashine, mashine inaanza kuvuta,
inavuta kama sisi, ila haina kifua.

“Unaweka nini huko juu?”
Zamoyoni, chini ya ukuta, anapepea mkaa wa chipsi.
“Naweka pafu.”
“La serikali?”
“La serikali.”
“Basi hilo halitaugua.”

Kesho yake naifuata. Imekuwa kijivu,
kijivu cha kola ya mwanafunzi siku ya Ijumaa.
Naipeleka mizanini, natoa uzito wa jana,
nagawa kwa hewa yote iliyopita,
saa ishirini na nne zimekandwa donge moja:
usiku mtu alipochoma matairi bonde la Msimbazi,
alfajiri malori yalipopanga foleni na dizeli yao,
na ile saa ya mchana
mvua ilipopiga mabati na mtaa mzima ukapumua.
Jibu ni wastani.
Umekaa chini ya mstari, chini kidogo tu,
kama mtu aliyeinama asigonge kizingiti.
Naandika: *Imekidhi kiwango.*

Lakini wastani haukohoi.

Anayekohoa ni Shukuru wa Zamoyoni, miaka minne.
Mvua ile ile, jiko liliingizwa ndani,
dirisha likafungwa, viazi havikungoja.
Sasa amelala chumba kilicho chini ya mashine yangu,
kikombe cha plastiki puani, dawa inafuka,
mbavu zinaingia na kutoka kama mvukuto.
Nesi Penzila ameshika saa, midomo yake inahesabu.
Hamsini na mbili kwa dakika.
“Kwa umri wake mwisho arobaini,” anasema. “Huyu amezidi.”

Paa moja, mistari miwili.
Juu tumefaulu.

Zamoyoni hakunipigia kelele. Alifuta mikono kwenye khanga,
ikabaki alama ya masizi juu ya maandishi, akauliza:
“Huo mstari wako,
waliouchora walikuwa wanavuta hewa ya wapi?”

Nikatafuta jibu, nikapata kitendawili.
“Tega,” wakasema wagonjwa, usiku ni mrefu.
*Mgeni wangu hapigi hodi.
Unywele mmoja, wenzake thelathini wanapangana upana wake.
Anaingilia puani, anafikia moyoni, haagi.*
“Upepo.” Hapana.
“Jini!” Hapana.
“Mapenzi,” akasema Nesi, na hata Zamoyoni akacheka.
Hapana.
“Basi tunakupa mji.”
“Mji gani?”
“Dar es Salaam.”

Nikapewa, mji mzima, na sheria ya mchezo ni kwamba lazima niende.
Nilikwenda. Nilifika dirishani.
Taa za Buguruni zilikuwa na ukungu wa rangi ya chai ya rangi,
na haukuwa ukungu.
Sikuwaambia jibu.

Alfajiri Shukuru alishuka hadi arobaini na nne, akaomba soda.
Nikapanda ngazi na karatasi nyingine nyeupe.
Kabla sijafunga daftari,
chini ya *Imekidhi kiwango*,
nikaongeza kwa kalamu ya risasi, mahali pasipo na safu:
hamsini na mbili.