Wosia wa Obdulia

Dada yangu aliniachia nyumba ya mawe nje ya Lugo,
ghala la mahindi lililosimama juu ya nguzo,
matetea tisa, deni la saruji,
na huyu.

Jina lake Notario,
kwa ule mwendo wa mtu anayekwenda kusoma wosia
mbele ya ndugu wasiosalimiana.
Kifua mbele. Upanga wa kichwani umelala upande
kama kofia ya mlevi wa Jumapili.

Miaka thelathini na mmoja nilipeleka barua mjini.
Mbwa wameniuma, sitasema uongo,
na mwanamke mmoja wa ghorofa ya nne
alinimwagia maji ya vitunguu
kwa sababu ya barua ya benki.
Lakini hakuna aliyewahi kunivizia nyuma ya pipa la mvua,
akaja kimya, bawa moja likiburura chini,
akanirukia mashavu ya miguu.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.
Hapa mgeni ni mimi,
na kamba yangu nyekundu, inashuka hadi kwenye soksi.

Ushauri ulikuja bila kuitwa.
Eliseo, juu ya ukuta wake: "Wali na zafarani."
Binti wa duka la mbegu: usikimbie, usimpige teke,
kila teke kwake ni mwaliko.
Padri alicheka tu, kisha akaondoka haraka,
kwa kuwa alivaa kanzu.

Nilijaribu mfuniko wa ndoo.
Nilijaribu ufagio.
Nilijaribu kusimama wima na kumkazia macho;
akatazama pembeni, akadonoa punje ambayo haikuwepo,
akingoja nigeuke.

Asubuhi moja ya ukungu nilivaa aproni ya Obdulia,
ile ya buluu, mfukoni bado mna vibanio viwili vya nguo
na karatasi ya peremende.
Akaja mbio. Akasimama.
Akainamisha kichwa, jicho moja, kisha la pili.
Kooni akatoa sauti ndogo ambayo sijawahi kupewa,
ile ya kuwaita matetea kwenye chakula.
Halafu akapandisha jicho taratibu hadi usoni kwangu
na akanipiga kuliko siku zote.

Sikumlaumu.
Mimi mwenyewe, nikipita na aproni ile mbele ya kioo cha ukumbini,
hufanya hivyo hivyo: nusu ya salamu, kisha hasira.

Usiku nikaenda bandani na tochi.
Gizani jogoo ni mzigo tu, wenye joto,
mwepesi kuliko kifurushi cha Krismasi.
Nikamviringisha taulo, nikamweka mezani jikoni,
nikatafuta tupa, nikaikosa,
nikachukua ile ndogo ya kucha kwenye droo ya dada,
ingali na vumbi la waridi la vidole vyake.
Nikasugua kipi cha mguu wa kushoto, kisha cha kulia,
miiba ile ikawa butu kama penseli ya mtoto.
Vumbi lake na la Obdulia yakachanganyika kwenye taulo.
Moyo wake ulikuwa ukigonga kiganja changu
kama mtu aliyekosea anwani na mvua inanyesha.

Sasa kila jioni namkamata, namtia kwapani,
tunazunguka: kabichi, kisima, mikalitusi ya Eliseo.
Namsimulia bei ya saruji.
Kope lake hupanda kutoka chini kwenda juu,
kinyume na letu,
nami hudhani amelala.

Wanasema jogoo wa shamba hawiki mjini.
Huyu angewika hata ndani ya benki.

Leo nilimshusha polepole kando ya matetea.
Akajikung'uta, akapiga hatua tatu za mwanasheria.
Nikageuka kuchukua ndoo.
Pigo likatua kwenye buti,
halikutoboa, butu,
kama muhuri juu ya bahasha.
"Haya," nikamwambia bila kugeuka, "imefika."