Ploti ya Bosi

Januari, Lanet, udongo mwepesi kama majivu,
na Bosi amechimba tena
pale pale nilipopanda sukuma juzi.

Nimejaza mawe: akahamia kwenye maua ya Jeruto.
Nimenyunyiza pilipili: akapiga chafya, akaendelea.
Nimefoka hadi jirani akachungulia ukutani.

Adhuhuri nikamkuta shimoni,
tumbo limelalia udongo wa chini,
ulimi nje, macho nusu.
Nikavua kiatu, nikatia mguu.
Kumbe kuna baridi.

Jioni, nyuma ya tangi, kivulini,
nikapima hatua mbili,
nikalainisha kwa jembe, nikamwagia maji,
nikazika mfupa.
Chako hiki, Bosi.
Bila hatimiliki, bila mpimaji,
bila kesi.

Asubuhi mfupa haupo.
Bosi amelala kwenye ploti yake, kanyamaza,
na sukuma moja, ya mwisho,
imeinama.