Vidole Viwili

Lilikuja kutoka Japani kupitia Mombasa,
milango mitatu, rangi ya majivu mabichi,
chini ya kiti risiti ya tambi za mtu nisiyemjua.
Kaka yangu Rwakaikara alilizunguka mara moja, akapiga teke tairi:
"Milioni kumi na tisa! Ungenunua kiwanja Kagote,
ukapanda mikaratusi, ukalala usingizi."
Nikamjibu mikaratusi haina turbo.

Fundi Kaahwa ana karakana ya mabati nyuma ya wauza mbao.
Sikio lake zima ni moja, la kushoto,
na hilo ndilo alililaza juu ya boneti kama mkunga.
"Hapa Fort Portal," akasema, "kisicho na empaako hakisalimiwi."
Akasikiliza linavyonguruma limesimama, chini chini, kooni.
"Abwooli," akasema. Paka.
Tangu siku hiyo si lile tena. Ni yeye.

Mshahara wa Machi ukawa springi fupi.
Wa Aprili, bomba la moshi lenye mdomo wa kuingia ngumi.
Mei nilikula maharage na kumkopa Rwakaikara,
nikamwambia ni dawa.
Juni, kipoza hewa mbele ya rejeta,
na mimi, mpima damu, mtu wa darubini na chembe,
nikakaa juu ya ndoo ya rangi hadi saa nne usiku
nikimshikia Kaahwa tochi.

Jumapili alfajiri, barabara ya Kyenjojo,
majani ya chai bado yana ukungu mabegani.
Giya ya pili. Mluzi ule.
Kisha mgongo unakumbuka kwamba ni mgongo,
na kona inakuja, na mikono inajua,
na kwa kitambo cha kumeza mate
sidaiwi na mtu.

Lakini nani anaishi Jumapili tupu?
Jumatatu kuna tuta mbele ya shule, tuta mbele ya kanisa,
tuta alilojijengea mwenye duka ili tupunguze mwendo tuone chapati zake.
Abwooli alivuka kwa kukwaruza tumbo.
Watoto waliziba masikio, wakacheka, wakaomba nirudie.
Afande akachungulia dirishani: "Bibi, mwenye gari yuko wapi?"
Nikasema yuko ndani ya boneti, fungua umsalimie.
Hilo lilinigharimu elfu hamsini na saa nzima juani.

Kisha ikaja nyonga ya mama.
Alishuka kutoka Bukuuku kwenda kupigwa picha.
Kuingia aliingia: alijiachia kama gunia.
Kutoka ndiko.
Mkono mmoja juu ya paa, mmoja shingoni mwangu,
akacheka, akajaribu, akaacha kucheka.
Wapita njia walijifanya hawaoni, nikawashukuru, nikawachukia.
"Akiiki, mwanangu," akasema akihema,
"gari lako liko chini kama kaburi."

Jumamosi nikarudi kwa Kaahwa. Mpandishe.
Vijana wa karakana wakanitazama
kama mtu aliyerudisha mahari.
Kaahwa hakuuliza. Alisimamisha vidole viwili,
cha shahada na cha kati, kati ya tairi na upinde wake.
"Hivi?"
Hivyo.

Sasa kwenye kona ya mto analala kidogo,
anainama kama mtu anayeamkia wakubwa.
Amepoteza kitu. Sitadanganya.
Sehemu ile tamu ya kona imenisogea
na bado naitafuta kwa makalio.

Tulikuwa tunamrudisha nyumbani, mama na mto wake wa kukalia,
barabara tupu, mvua imetoka kupita.
Nikasahau. Mguu ukasahau.
"Kilichopiga mluzi ni nini?"
Pumzi yake, mama. Pole.
Akanyamaza hadi tukapita kiwanda cha chai.
Akavuta mkanda, akaukaza kifuani.
"Basi," akasema, "hebu apumue tena."