Mapokezi ya Maziwa, Mbarara

Ofisi ya wilaya ilitutuma, wakuu wa shule kumi na wawili,
tukajifunze uongozi kwa watu wasio walimu.
Nilinuna. Miaka kumi na tisa na chaki,
leo nikafundishwe na ng'ombe?

Saa kumi na moja alfajiri, getini mwa kiwanda.
Baiskeli zinaingia kutoka Kashari, kutoka Rwampara,
madebe yakigongana, ukungu umelalia mabati,
na binti mmoja, Kyarisiima, buti nyeupe hadi magotini,
anachota kijiko katika kila debe,
anatia spiriti, anatikisa, anainulia taa.
Kila debe.
Hakuna debe la mjomba.

Ya mzee Rwabushaija yakakatika kikombeni.
Nikasubiri matusi. Mimi ningemsimamisha mbele ya gwaride.
Binti akauliza tu: "Jana usiku yalilala wapi?"
"Nje. Mfuniko ulipotea."
Akaandika. Akampigia simu kijana wa mashambani:
"Kesho anzia kwa Rwabushaija. Nenda na mfuniko."
Basi. Foleni ikasogea.

Ukutani palikuwa na ubao.
Nilidhani ni majina ya wakosaji. La:
*Juzi tulimwaga lita mia mbili.
Kosa letu. Bomba halikuoshwa.*
Chini yake, sahihi ya meneja mwenyewe.

Niliusoma mara tatu.
Ofisini kwangu nina ubao pia.
Una alama za watoto, kwa wino mwekundu,
na sahihi yangu haimo popote.

Njiani kurudi Kabagambe alicheka:
"Lakini dada, mtoto si maziwa. Mtoto hamwagwi."
Wenzangu wakaitikia, ndiyo, ndiyo.
Mimi nilikuwa na Ndyanabo kichwani,
darasa la saba, mwaka juzi.
Tulimpima mara moja, Novemba,
alipokwisha kukatika.
Kwenye ripoti yake niliandika neno moja: mvivu.
Sikumuuliza alilala wapi.
Tulimmwaga, Kabagambe. Kwa kalamu,
bila hata kelele ya debe.

Jumatatu gwaride lilinisubiri, sikwenda.
Niliingia darasa la tatu na daftari tupu,
nikaketi dawati la nyuma, magoti karibu na kidevu,
watoto wakiziba vinywa wasicheke.
Kando yangu Asiimire, asiyejua bado kusoma *mlango*.
"Unakwamia wapi?" nikamnong'oneza.
Akanikagua mikono, kwanza wa kulia, kisha wa kushoto,
akitafuta nilikoficha fimbo.
Halafu akanyoosha kidole,
si kwenye kitabu: dirishani,
lile lisilo na ubao wala kioo,
mvua inapoingia na kumlowesha daftari,
dirisha nililolipita miaka mitatu
nikienda kuhesabu waliochelewa.

Nikaandika.
Nikatoka kutafuta misumari.