Benchi la Jumatano

Neno lenyewe limeficha harusi tumboni:
kiharusi.
Na kweli ilikuwa harusi ndogo, kwangu Tandika,
viti vya kukodi, juisi ya ukwaju, zabibu kikapuni,
wageni wakinishika mkono ule usiosikia,
"Pole, fundi. Mungu mkubwa."
Siku arobaini.
Kisha viti vikarudi kwa mwenyewe
na bwana harusi akabaki anatazama ukuta.

Mimi Kibwana Pazi, fundi wa sare za shule.
Kila Januari nilikuwa silali:
kaptula mia mbili, sketi za marinda,
chaki sikioni, futikamba shingoni kama tai ya waziri.
Januari hii watoto wamepita mlangoni
na sare za fundi wa mtaa wa pili,
mapindo yamepinda,
nami sikuudhika.
Hapo ndipo ilipaswa nishtuke.
Fundi asiyeudhiwa na pindo lililopinda
ana ugonjwa mwingine.

Mguu ulipewa daktari.
Presha ikapewa vidonge viwili, asubuhi na jioni.
Mkono ukapewa mpira wa kijani wa kufinya,
mdomo uliokwenda upande ukapewa kioo:
sema a, sema e, sema i.
Kila kiungo kilipata mwenyewe.
Kile kilichokuwa kinazama
hakikuwa kiungo,
hakikuulizwa.

Mwamvita, mke wangu, alisema nimedeka.
Shemeji akasema nimechezewa, twende Mbagala kwa mtu.
Mwanangu akasema, "Baba, jikaze,"
nikajikaza. Ndiyo kazi pekee niliyobaki nayo,
kujikaza, tangu adhana ya alfajiri
mpaka redio ya jirani inapozimwa,
chai ikipoa mbele yangu, ikifanya utando.
Sikutaka kufa. Nisikilizeni vizuri:
sikutaka kufa. Sikutaka kitu.

Jumatano, kliniki ya Temeke.
Tuko sita benchini, fimbo sita,
feni ilikufa mwaka gani sijui.
Nesi Tusajigwe akaja na karatasi tu, bila kipimo cha presha,
akachuchumaa, macho yake chini ya yangu:
"Unalala? Chakula kina ladha?
Mara ya mwisho kufurahi ilikuwa lini?"
Nikafungua mdomo nimwambie Januari.
Ikatoka "Ja."
Kisha chozi, jicho moja tu,
la upande niliodhani umekufa.

Akaandika: sonona.
Nilidhani neno hilo ni la washairi,
la wanaoachwa na wapenzi.
"Si udhaifu," akasema, "wala hukurogwa.
Ubongo ukijeruhiwa, huzuni nayo huingilia jeraha hilohilo.
Ni wengi, baba. Katika kila watatu, mmoja."

Fundi humpi hesabu asiipime.
Sita, gawa kwa tatu.
Wawili.
Mmoja nimeshamjua. Wa pili nani?
Bibi Sikudhani anasinzia.
Mama wa Yombo anamenya chungwa kwa meno.
Wale ndugu wawili wa Keko wanabishana penalti ya jana.
Amebaki Chambuso, mchekeshaji wetu,
aliyeupa mguu wake mbovu jina la Mkwe:
"Huyu haendi mpaka abembelezwe!"
Benchi zima hucheka. Nami hucheka nusu,
nusu ndiyo niliyonayo.

Nikasogea. Ilichukua muda,
fimbo, kiuno, pumzi.
Nikamgusa goti.
"Na... we?"

Akafungua mdomo kutafuta mzaha.
Tukausubiri sote wawili.
Haukuja.
Akavua kofia, akaiweka gotini,
akawa anaunyoosha mshono wake kwa kidole,
anaunyoosha, anaunyoosha,
mshono umekwenda kombo kama njia ya siafu,
na mimi, jamani,
nikaudhika.